Gari Ikivuta Kushoto, Anza Kuangalia Kulia

Haya jamani tukae, mliosimama kule nyuma sogeeni mbele maana kuna vitu nimekuja navyo mfukoni nataka mvione kwa macho. Nimeambiwa niongee kuhusu breki, ila breki ni mambo mengi, nikisema niyamalize yote tutalala hapa, kwahiyo nimechagua kitu kimoja tu ambacho kila aliyeshika usukani ama kishamkuta ama kinamsubiri: unaendesha vizuri tu, gari imenyooka, unakanyaga breki, mara gari inaenda pembeni yenyewe kama kuna mtu kaudaka usukani anauvuta upande wake.

Naanza na aibu yangu. Enzi zile bado najifunza kazi, mteja kaleta gari, ukifunga breki inavuta kulia. Mi sikuuliza swali hata moja. Inavuta kulia si ndio? Nikaenda tairi ya mbele kulia, nikafungua, nikasafisha kila kitu mpaka kinang'aa, nikaweka pedi mpya, vile vibao vinavyobana diski, upande ule ule mmoja (hilo nalo kosa, tutalifikia), nikafunga, nikajipongeza. Mteja kaenda kujaribu, karudi rangi imembadilika, gari sasa ilikuwa inarukia kulia kuliko mwanzo! Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza hata kidogo, aliinua gari upande wa kushoto, akaniambia ingia ndani kanyaga breki ukandamize kabisa, mi nimekandamiza pedeli kwa miguu yote miwili, yeye huko nje anazungusha tairi ya kushoto kwa mkono mmoja kama mtoto anachezea mduara. Akachungulia dirishani akaniuliza, umekanyaga? Nikasema nimekanyaga. Akaizungusha tena.

Breki ya kushoto ilikuwa imekufa zamani. Mimi nikaenda kuiongezea nguvu ile nzima.

Sasa hapo ndo penyewe, na ukiondoka hapa na hili tu mi nimeridhika. Gari huvuta upande ambao breki inashika zaidi. Waliowahi kupanda mtumbwi wanajua, mtumbwi ukiwa kwenye mwendo halafu mtu akachomeka kasia majini upande wa kulia akalishikilia, mtumbwi unageukia kulia, kwasababu kulia kumezuiliwa na kushoto bado kunakimbia. Gari ni hivyo hivyo. Kwahiyo ikivuta kulia ujue mara nyingi breki ya kulia inafanya kazi yake kama ilivyoajiriwa, mgonjwa yuko kushoto amekaa kimya. Na tunaangalia mbele kwanza, maana ukifunga breki uzito wote unainamia mbele, breki za mbele zinabeba asilimia 60 mpaka 70 ya kazi, na ukikanyaga kwa nguvu zinabeba hata zaidi ya hapo. Nyuma huwa inachangia kidogo kwenye kuvuta, ila ikizidi unaona mkia ndo unahama.

Naona kijana pale anatikisa kichwa, najua unachotaka kusema. Ndio, kuna kesi inakuwa kinyume, pale breki inapoganda. Yaani imeshika na haiachii. Hapo mgonjwa ni upande ule ule gari inakovutia, ila dalili zake ni tofauti kabisa: gari inavuta hata hujakanyaga breki, inakuwa nzito kama umefunga tela, ukisimama unasikia harufu ya kuungua upande mmoja, na rimu ya tairi hiyo imejaa vumbi jeusi kuliko wenzake. Kwahiyo kabla hujashika spana jiulize, inavuta nikikanyaga tu, au inavuta muda wote? Swali moja hilo linakuokolea nusu siku.

Niwape kidogo historia maana inasaidia kuelewa. Zamani breki zilikuwa za vyuma na kebo, kila tairi inavutwa na fimbo yake, kwahiyo kuvuta pembeni ilikuwa ni maisha ya kila siku, fundi anakaa anarekebisha hii imezidi, anakaza ile, baada ya safari mbili zimehama tena. Breki za mafuta ndo zilikuja kuokoa jahazi, Duesenberg Model A ya mwaka 1921 ilitoka na breki za mafuta kwenye tairi zote nne. Uzuri wa mafuta ni ile kanuni ya Pascal, Mfaransa yule, kwamba presha ukiisukuma kwenye kimiminika kilichofungiwa inaenda sawa kila upande. Ukikanyaga pedeli, presha ya tairi ya kushoto na ya kulia ni moja, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, haina upendeleo. Kwa hiyo mtu akiniambia gari yangu inavuta nimebadilisha masta silinda, mi nakaa kimya kwanza. Kama presha inatoka sawa, basi tofauti inazaliwa huku mbele, baada ya njia kugawanyika kwenda kila tairi: hosi (kibomba cha mpira kinachopeleka mafuta), kalipa (kibanio kinachoshika pedi), pedi, diski (ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi), tairi lenyewe au vyuma vinavyolishikilia. Umeshapunguza sehemu za kutafuta kabla hata ya kuchafua mikono.

Mkitaka kujua ni kipi, anzeni kwa kuendesha. Barabara tupu, imenyooka, tambarare, maana barabara nyingi zina mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, na gari yoyote nzima itaelekea pembeni kidogo, usije ukamtibu asiyeumwa. Nenda kama 50 kwa saa, mikono iwe laini kwenye usukani, usiuachie kabisa, kanyaga kidogo kidogo kwanza halafu mara ya pili wastani. Usikandamize kwa fujo, bado hujui gari itaenda wapi. Halafu sikiliza mwili wako. Imevuta mwanzo mpaka mwisho? Imevuta mwanzo tu halafu ikanyooka? Ulivyoachia pedeli ikavuta upande wa pili? Kila jibu lina mtu wake. Na kama usukani unatetemeka tu bila kuvuta, hiyo ni stori nyingine, hiyo ni diski unene wake hauko sawa, tusichanganye.

Ukirudi usizime ukaenda kunywa maji, shuka hapo hapo upime joto. Kale kabunduki ka kupimia joto kwa mwanga ukiwa nako elekeza kwenye diski ya kushoto, soma, halafu ya kulia, soma. Huna? Nyunyizia matone mawili ya maji kwenye rimu karibu na katikati usikilize, USIGUSE diski kwa kidole, kuna mtu namfahamu ana alama mpaka leo (huyo mtu anaongea na nyinyi sasa hivi). Upande uliopoa kuliko mwenzake haufanyi kazi. Upande unaowaka moto na hukukanyaga breki sana, huo umeganda.

Haya, sasa tunainua. Gari inakaa kwenye stendi, sio kwenye jeki peke yake, na tairi za chini zimewekewa vizuizi, mi sirudii hili mara mbili. Mmoja ndani anakanyaga na kuachia, mwingine nje anazungusha tairi. Ikizunguka wakati breki imekanyagwa, haishiki. Isipozunguka baada ya kuachiwa, imeganda. Msuguano kidogo ule wa shaaa shaaa ni kawaida, usiogope.

Toeni tairi mnitazame hapa. Hii niliyoshika ni pini ya kalipa. Kalipa za gari nyingi ndogo zina pistoni, kile kichuma kinachosukumwa na mafuta, upande mmoja tu, wa ndani, na kalipa nzima inatelezea juu ya pini mbili kama hizi ili ivute na pedi ya nje. Nzima inatakiwa uisukume kwa kidole, hivi, inaenda, inarudi. Hii ingine nimeitoa kwenye gari juzi, pitisheni muione, hapo katikati imeota kutu imevimba, nilipigana nayo na nyundo. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulipasuka, maji yakaingia, grisi ikaoshwa, basi. Pini ikikwama pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje inakaa inatazama tu, na ndo maana ukizitoa pedi zote mbili ukaziweka sambamba unaona ya ndani imeisha imebaki bati na ya nje bado nene. Ukiona hivyo huna haja ya kuuliza mganga. Safisha pini mpaka tundu lake, badilisha mipira, paka grisi maalum ya breki ile ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi hapana, jamani hapana, ile inavimbisha mpira, unaondoka gari safi, baada ya muda pini imebanwa na mpira uliovimba na unarudi kulaumu speya feki.

Pini zikiwa sawa, mshukiwa anayefuata ni pistoni. Pistoni inaota kutu kwa sababu mbili, mpira wa vumbi umechanika, au mafuta ya breki hayajabadilishwa tangu gari itoke kiwandani. Mafuta haya ya DOT 3 na DOT 4, ndo madaraja yanayoandikwa kwenye chupa, yanafyonza unyevu, ndo tabia yake, DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 huko, ikishajaa maji viwango vinakubali hadi 155, na yale maji yanakaa chini kwenye kalipa yanakula chuma taratibu. Watengenezaji wengi wanasema kila miaka 2 badilisha. Wangapi hapa wamebadilisha ndani ya miaka 2? ...Sawa, shusheni mikono, wawili.

Kuirudisha pistoni tumia kifaa au klampu, na kabla ya kusukuma fungua kile kinati cha kutolea hewa kilichoko kwenye kalipa ukiwa umechomeka kimpira kwenye chupa, yale mafuta machafu yatoke nje badala ya kuyarudisha juu kwenye mitambo ya ABS, ile inayozuia tairi zisijifunge ukikanyaga. Ukimaliza kusukuma, funga kabla hujaachia klampu usije ukavuta hewa. Breki za nyuma zenye handbreki ndani ya kalipa, nyingi pistoni yake inazungushwa huku inasukumwa, ukiilazimisha moja kwa moja unaivunja. Ikirudi laini, nzuri. Ikigoma au ikirudi nusu nusu, ifungue uangalie, ukikuta uso wa pistoni una vishimo vya kutu hata ukibadilisha sili ni kazi bure, weka kalipa nyingine.

Sasa niseme kuhusu hosi, hii naipenda maana inawachanganya hata mafundi wenye nywele nyeupe. Hosi ya breki kwa nje inaweza kuwa nzuri kabisa, haina ufa, haivuji, lakini ndani mpira umevimba au umenyanyuka kipande kimekuwa kama mlango wa kufungukia upande mmoja. Ukikanyaga, miguu yako ina nguvu, presha inalazimisha inapita ila inachelewa. Ukiachia, hakuna wa kuyasukuma mafuta yarudi, yanabaki yamefungiwa. Kwahiyo dereva anakwambia fundi, nikikanyaga inavuta kushoto, nikiachia inavuta kulia, na watu wanamcheka. Hajachanganyikiwa huyo! Hosi ya kulia imeziba, breki ya kulia inachelewa kushika na inachelewa kuachia, kakusomea ugonjwa wote.

Namna ya kuikamata: tairi imeganda, gari iko kwenye stendi, fungua kile kinati cha kutolea hewa kidogo. Mafuta yakaruka na tairi ikawa huru, presha ilikuwa imefungiwa, kalipa haina kosa. Tairi ikabaki imeganda vile vile hata baada ya kufungua, basi ni pistoni au pini. Na kama presha ndo imefungiwa, irudie igande tena halafu safari hii legeza juu, pale hosi inapokutana na bomba la chuma. Ikiachia ukilegeza pale juu, shida iko huko juu zaidi. Haikuachia pale, ikaachia tu kwenye kalipa, ni hosi, badilisha, na ya upande wa pili badilisha nayo maana zina umri mmoja. Na hapa ndo nawagombeza wale wanaofungua kalipa wanaiacha inaning'inia na hosi kama popo. Ifunge na waya kwenye springi. Hosi sio kamba.

Pedi zenyewe nazo. Pedi ikinywa grisi au mafuta ya breki haishiki tena sawa, na grisi inatoka wapi? Mpira wa sivii jointi, kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi, umechanika ndani pale, unarusha grisi kila tairi likizunguka. Kwa gari zenye dramu nyuma badala ya diski, silinda ya tairi inavuja inalowesha viatu vya breki, ambavyo ndo pedi za dramu. Msijaribu kuichoma pedi kwa moto au kuiosha na petroli, najua mnafanya. Ikishakunywa imekunywa, tupa, ila kwanza ziba kinachovuja, la sivyo utalipa mara mbili. Na pedi zinabadilishwa pea, kushoto na kulia pamoja, aina moja. Upande huu pedi hii na upande ule pedi ile, hizo zina ushikaji tofauti, umetengeneza gari inayovuta kwa mikono yako mwenyewe kama mimi siku ile. Vumbi la pedi usilipulize na upepo wa kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na mapafu hayana speya, tumia dawa ya kusafishia breki au maji.

Umepita breki zote ziko safi, joto sawa, na gari bado inavuta? Wengi wanakwama hapa wanaanza kubadilisha vitu hovyo. Acha breki, angalia miguu ya gari. Ukifunga breki, barabara inalisukuma tairi kurudi nyuma kwa nguvu kubwa sana, na kinachozuia tairi lisirudi ni ule mkono wa chini, chuma kinacholishika tairi na bodi, na bushi zake, yaani mipira ya kwenye maungio. Bushi ya nyuma ya ule mkono ikichanika, tairi linarudi sentimita moja hivi, na likirudi linajikunja linatazama upande. Yaani breki zako zinashika sawa kabisa ila tairi moja limegeuka bila ruhusa ya usukani. Dalili, unasikia "du" moja ukikanyaga na "du" nyingine ukiachia au ukikanyaga mafuta. Chomeka mtaimbo sukuma ule mkono mbele na nyuma uone bushi inavyocheza, au mwenzako asogeze gari taratibu sana afunge breki, wewe umesimama pembeni, PEMBENI nasema sio mbele, unatazama kama tairi linarudi nyuma ndani ya tao lake. Boljointi na tairodi endi, vile viungo vya tairi na vya usukani, zikilegea zinafanya mchezo huo huo. Ukibadilisha yoyote hapo peleka gari alaimenti, tairi zikanyooshwe.

Matairi nayapitia haraka. Upepo usiolingana, au tairi jipya huku na limeisha huku, vinavuta, ila kawaida vinavuta hata bila breki. Kwahiyo kupima upepo ni kitu cha kwanza kabla ya yote niliyosema, na haichukui dakika tano. Ukilitilia shaka tairi, hamisha la kushoto kulia na la kulia kushoto (kama sio zile zenye mshale wa mwelekeo), kuvuta kukihama upande ujue ni tairi.

Na moja la hatari. Gari nyingi zinazosukumwa na tairi za mbele breki zake zimegawanywa msalaba, mbele kushoto na nyuma kulia njia moja, wengine njia ya pili. Njia moja ikivuja unabaki na breki moja tu mbele. Wahandisi walilijua hilo, Audi 80 ya mwaka 1972 mkao wa tairi zake za mbele ulipangwa makusudi ili likitokea hivyo gari ijinyooshe yenyewe, na wengine wengi wakafuata. Ila kama kuvuta kumeanza ghafla, pedeli imekuwa laini au inazama, na taa nyekundu ya breki imewaka, hapo hakuna cha kwenda kujaribu barabarani wala nimalizie safari kwanza, gari inakokotwa.

Ukishafunga kila kitu, toa hewa, mmoja anakanyaga anashikilia, mwingine anafungua, anafunga, ndo yule wa ndani anaachia, mpangilio wa kuanza tairi lipi fuata kitabu cha gari husika. Nati za tairi kaza kwa kurukia msalaba. Na kabla hujaondoa gari hata hatua moja, pampu pedeli mpaka iwe ngumu, maana ulisukuma pistoni nyuma, kukanyaga kwa kwanza hakuna breki kabisa, pedeli inaenda mpaka chini, na kama ulishaweka gia kuna ukuta mbele yako pole. Halafu pedi mpya zizoeshe diski, kama mara kumi hivi toka 50 mpaka 10 kwa wastani bila kusimama kabisa, ukiziachia nafasi ya kupoa katikati.

Naona watu wameanza kuangalia saa. Basi tuinuke twende hapo nje, kuna gari nimeshaiinua mbele, mwenyewe anasema inavuta kulia akikanyaga, na mi sijaigusa makusudi. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa, njoo uingie ndani ukanyage, na wewe dada shika hii spana. Tunaanza tairi gani?